Kibao cha Mbuzi

Mutinda alishuka kutoka Kitui na kamba mkononi
kwa kuwa binamu yake alisoma kibao changu pale Marikiti:
MBUZI, BEI YA KUTUPA.
Hatimali akamtolea kigoda chenye ulimi wa chuma.
Mutinda akakizunguka. Akakiinamia.
"Na huyu, maziwa anatoa?"
"Si huyu, ni hii. Ikalie vizuri, tui utapata."
Akakaa. Akakuna nazi nzima palepale mlangoni,
akicheka hadi nazi ikamwingia viatuni,
na kamba akafungia mzigo.

Mimi ni mchora vibao. Hulipwa kwa herufi.
KINYOZI kwangu ni saba tu, chai na mahamri.
Nawapenda wenye maneno, kama Bi Maimuna wa Bondeni
aliyetaka MKAHAWA WA WASIOJALI YANAYOSEMWA;
ukuta ukaisha kwenye YANA,
na herufi za kupinda kona akakataa kuzilipia.
Mwaka wa kumi na nne huu, watu husema
"Twende kwa Yana tukale viazi vya karai,"
wageni humwita Mama Yana, naye huitika,
na mwanawe wa pekee ni Faraji.

Neno lenyewe, kibao, sijalimaliza.
Mimi naliandika, Mutinda alilikalia,
na siku niliyoandika FUNDI CHEREKO
badala ya CHEREHANI, kule Kibokoni,
nilikula kimoja cha shavu.
(Harusi zote za mtaa zikaenda kwake.
Hakuniomba radhi, wala kibao hakukishusha.)

Sinema ya Majengo, panapouzwa magodoro siku hizi,
nilichora mabango yake mpaka taa zilipozimwa.
Usiku mmoja mkewe Athmani Shee alishikwa na uchungu;
mwenyewe yuko juu, chumba cha mashine,
akipachika mikanda ovyo, akili yote hospitali.
Shujaa akazikwa kabla ya mapumziko,
akaoa baada ya soda,
mwisho akawa mtoto, yuwanyonya kidole.
Hakuna aliyepiga mluzi.
Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona,
"Laiti na wangu wangemrudisha hivi."
Kesho yake foleni ilipita msikiti,
wote wakitaka ile ya kinyume.
Ilionyeshwa siku tisa. Nikalipwa bango jipya.
Mtoto wa Athmani alizaliwa akitanguliza miguu.

Juzi Mutinda amerudi, mvi kidevuni.
Ana duka kwao, karibu na mnada wa mifugo,
nazi husafirishwa na lori.
Ametaka kibao. Nikamshauri tufafanue:
ya kukunia, ya chuma, kutoka Mombasa,
hesabu nimeshaipiga kichwani.
"Andika MBUZI," akasema. "Usieleze."
Herufi tano.
Nikaziandika kubwa.
Kamba nikamchorea ya bure.