Zuia Pumzi

Mwaka wa pili, mafunzo kwa vitendo, Bombo.
Naamka Makorora kabla ya adhana,
umeme umekatika, nakariri gizani
ndani ya chandarua, nikijibonyeza mkono:
minane ya kifundo, mitano ya kitanga,
kumi na minne ya vidole.
Ishirini na saba. Mtihani Jumatatu.

Mama haiamini kazi hii.
Mwanga usioonekana, asema, ni jini aliyesomeshwa.
"Utazaa kweli, Mwantumu?"
Namwonyesha kibeji kifuani:
hiki ndicho kinachohesabu mionzi inayonigusa.
"Na kikishahesabu, kinazuia?"
Sikuwa na jibu. Nikala kiporo changu.

Aproni ni ya risasi. Lugha yetu ina mzaha:
inayoua na inayokinga
zimepewa jina moja,
kama mapacha wasiosemezana.
Kilo nne mabegani, na joto la Tanga juu yake.

Jana kaja mzee Kihiyo,
miaka thelathini kwenye mkonge,
kidole cha shahada kilibaki kwenye korona.
(Nikahesabu bila kutaka: ishirini na nne.)
Kavaa kanzu ya Idi, ananukia marashi;
nyumbani waliambiwa anakwenda kupigwa picha.
"Nicheke, au nikaze uso?"
Mwalimu wangu, Bwana Mntambo, akageukia ukuta,
mabega yakimtikisika.

Nikamsimamisha. Kanzu pembeni, kidevu juu,
mikono kiunoni, kifua kwenye kaseti.
"Vuta pumzi, babu. Zuia."
Nikaenda nyuma ya kioo, nikabonyeza.

Ikatokea. Safi, haijapinda,
mbavu kumi zahesabika, kama tulivyofundishwa,
moyo umeegemea kushoto kama ngumi iliyochoka.
Na juu, pafu la kulia,
kitu cheupe, ukubwa wa kokwa la ubuyu.
Nikainama. Nikakuza. Nikainama tena.
Sisi hatusomi majibu. Kusoma ni kwa daktari.
Sisi tunapiga tu.
Bwana Mntambo naye alikwisha kukiona,
hakusema, alikuwa anaandika namba.

Ndipo nikasikia ukimya wa kile chumba.
Nikachungulia kioo:
mzee bado amesimama, mashavu yamevimba,
macho yamemtoka, yananitafuta.
Sikumwambia apumue.

"Pumua, babu! Pumua!"
Akapumua, akakohoa, akacheka,
akaitafuta kanzu yake.

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka, babu. Hukutikisika hata kidogo."