Jumanne, Lita Mia Tano

Siku tano nanywesha mwamba.
Nashusha mpira katika mto Neuquén, pampu inakohoa,
tangi linajaa, napanda nalo uwanda wa vumbi jeupe
hadi kisimani.
Kisima, ndivyo tukiitavyo,
kitu kisichotoa maji bali kinayanywa.

Huko chini, kilomita tatu, mzigo wangu
umechanganywa na mchanga, na dawa
zenye majina yaliyozibwa kwa utepe mweusi,
ukasukumwa mpaka jiwe likapasuka, likatema mafuta.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Haya hayakumwagika. Yalilipiwa, yakapigwa muhuri.
Nami ni wa ishirini na tatu kwenye foleni,
nina watoto wawili na deni la jokofu.

Ila Jumanne karatasi ya kazi husema:
Huenuqueo, Elcira. Lita mia tano. Bure.

Mbuzi hunijua kabla yake.
Hukimbilia bomba la nyuma, wakalamba kutu na matone.
Vitoto saba mwaka huu. Mwaka juzi, arobaini na moja.

Kisima chake kiko nyuma ya nyumba,
kimefunikwa kwa mlango wa gari la zamani.
Marehemu Florindo alikichimba kwa sururu,
mita kumi na nane, majira ya baridi,
na alipohisi unyevu kwenye nyayo
alicheka humohumo shimoni, mkewe akadhani amepagawa.

Siku moja alinichotea kikombe, akakitua mezani.
Juu palielea utando wa rangi,
mzuri, Mungu anisamehe, kama shingo ya njiwa.
Kando yake akakunjua barua ya kampuni:
*Maji yako ndani ya viwango.*
"Basi," akaniuliza, "mbona wewe unaniletea mengine?"

Mimi ni dereva.
Nikatazama mbuzi.

Kabla hajanywa, hata leo,
kikombe cha kwanza hummiminia ardhi,
taratibu, akinong'ona kwa lugha ya mama yake
maneno ambayo simwombi anifasirie.
Nataka kumwambia: bibi, usijinyime,
ardhi nainywesha mimi,
mara kumi kwa siku, kwa zamu, hata usiku.

Sijamwambia.
Huchukua kalamu yangu, hufuta mia tano,
huandika mia nne tisini na tisa na nusu,
kisha hutia saini.
Ofisini wanauliza nusu lita inavujia wapi.