Mia Tano kwa Jibu

Siwema wa Karume anauza mabuti tu.
Si raba, si ndala, si makubadhi: mabuti,
yaliyotoka kwenye belo yamebanana kama dagaa,
soli zimeandikwa lugha za watu.
Anayapangusa kwa kitambaa cha mafuta ya taa,
anayasimamisha juu ya turubai, pua zikitazama barabara,
gwaride lililokimbiwa na askari wake.

Ukisema punguza, hapunguzi. Anakuuliza swali.
Ukipata, mia tano inashuka.
Ukikosa, bei ni ile ile, na kicheko juu.
Mada humpa redio yake ya betri:
leo alfajiri wametaja mafuriko, basi leo ni gambuti.

"Waingereza wameliita gambuti kwa jina la mkuu gani wa vita?"
Wellington, akajibu kijana wa chuo, kajaa maringo,
yule aliyempiga Napoleoni.
"Umepata. Ila Jangwani maji yakijaa,
mkuu wako huyo anaishia magotini.
Kuanzia hapo unavuka na Mola wako."

Juzi ilikuwa habari ya roketi.
"Mabuti gani hayatachakaa kamwe?"
Tukataja ya mfalme. Ya sanamu. Ya maiti.
"Yale waliyoyaacha mwezini
ili chombo kiwe chepesi wakati wa kurudi.
Kumbe hata wao, jamani,
mzigo wao ulihesabiwa kwa kilo."

Wiki ya mechi ya watani:
"Mchezaji akistaafu hutundika daluga.
Anazitundika wapi?"
Watu wakacheka. Mwinjuma hakucheka,
beki wa zamani, goti lake linatabiri mvua.
"Msumarini," alisema, "nyuma ya mlango.
Mpaka siku unga ulipoisha,
mama watoto akaja kuziuza hapa hapa."
Siwema alimpa mia tano.
Kisha akatuma soda.

Mimi nilikwenda kutafuta buti la kazini,
lenye chuma puani, namba arobaini na mbili.
"Swali lako: kwa nini aliyeachwa kapigwa kibuti,
na anayelia anaambiwa akaze buti?
Kiatu si kile kile?"
Nilikuwa nimeachwa Jumatano, kwa ujumbe wa simu,
maneno sita, moja limekosewa herufi.
Nikajifanya nasoma namba kwenye soli.
"Huyu anajua," Siwema akasema,
akanishushia mia tano bila jibu.

Ndipo binti mmoja wa sekondari, Mwanahija,
sketi ya buluu, soksi zimelegea, akauliza:
"Na wewe ukikosa?"
"Chagua jozi, ondoka nayo."
"Yule askari wa shaba, pale Samora,
miguuni kavaa nini?"

Kimya. Hata redio kama ilimeza mate.
Bunduki tunaijua sote, na singe inayoelekea bandarini.
Buti, alisema mmoja, kwa sauti isiyojiamini.
Patapata! Vitambaa vya kuviringa!
Siwema anapita pale tangu nauli ikiwa senti,
akafumba macho, akatafuta miguu ile,
hakuiona.

"Sijui hata mimi," binti akasema,
"ndiyo maana nimeuliza.
Babu wa babu yangu alibeba mizigo ya vita ile,
Kilwa hadi Mahenge, peku.
Funza walikula vidole viwili.
Yeye hakuchongwa popote.
Wabebaji wamebaki kwenye jina la soko,
watu wananunua vitenge juu yao:
Kariakoo."

Siwema alichagua mwenyewe,
meusi, kamba mpya, akayapiga makofi vumbi litoke.
"Deni hilo nimelipa. Sasa nenda kaangalie,
uje uniambie."
Binti akavaa pale pale,
viatu vya shule akavitia begani kwa kamba zake,
akatembea kwa kishindo kikubwa kuliko mwili wake.

Jumatatu nilipita Samora kwa miguu.
Jua lilikuwa limekaa juu ya kofia yake,
magari yanamzunguka, yanampigia honi.
Mara hii sikuangalia bunduki.