Upande wa Mlima

Mchana natengeneza simu, kibanda kimoja nyuma ya stendi ya Moshi:
vioo vilivyopasuka, chaji zilizoingia maji.
Usiku meza ni ile ile, taa ni ile ile,
ila kibano kinashika kitu kingine:
behewa la mizigo, refu kama kiganja changu na nusu kidole,
la plastiki, lililoundwa kwa reli za watu wengine.

Ekseli zake ni pana mno kwa reli yetu.
Nimezikata kwa msumeno mwembamba,
punje mbili za mchele kila moja,
nikaziunga tena, pumzi nimeibana.
Ngazi ya kupandia paani nimeing'oa; letu halikuwa nayo.
Vishikizo ni waya wa spika za masikioni.
Ribiti, sitini na mbili kila ubavu,
ni matone ya gundi kwa ncha ya sindano.
Nikikohoa kwenye ya hamsini, naanza upya.

Kutu sikuinunua.
Niliroweka stili waya kwenye siki siku nne
chini ya kitanda, hadi Elinaike akauliza
nani kafia humu.

Maana lipo la kweli. Nenda stesheni,
upite mizani, upande wa maghala,
utalikuta reli ya pembeni, nyasi zimefika ekseli,
kuku wa mlinzi wanataga chini ya breki.
Nililipima kwa futikamba Jumapili tatu.
Mlinzi alidhani nanunua chuma chakavu.
"Kilo unatoa ngapi?"
Nikamwambia nataka urefu tu.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Chini ya mlango, upande wa mlima,
lina kiraka cha bati, rangi yake haifanani na ubavu.
Changu nimekikata kwenye kopo la maziwa.
Nilidhani nimemaliza.

Alhamisi akaja Bi. Ndewario na simu isiyoita.
Zamani alikuwa karani wa mizigo.
Hakuuliza bei. Aliinama juu ya meza
akaisoma namba kwa sauti, kama anaita mahudhurio.
"Kiraka hiki kilikuwa upande wa chini."

Nikamwonyesha picha: kiraka waziwazi,
na nyuma yake tambarare, hadi jicho linachoka.

"Mlango huu nimeupiga lakiri kwa mkono wangu," akasema,
"na juu ya paa nikiona theluji."

Tukanyamaza. Redio ya jirani ikatangaza vifo viwili
na mnada wa ng'ombe.

"Basi liligeuzwa. Kahe, pale kwenye pembetatu.
Lilikwenda Tanga hivi, likarudi vile."
Akalishika kwa vidole viwili, akalizungusha, akaliweka.
"Lenyewe halijui mlima."

Simu yake haikuwa na ubovu wowote,
alikuwa ameizima mlio. Sikumtoza.
Mlangoni akageuka:
"Na huo mlango, unafunguka?"

Haufunguki. Niliugandisha kwa gundi mwezi wa pili,
nikaona nani ataufungua.

Usiku ule nilichukua wembe.
Nilikata saa nzima, taratibu, nikivuruga ribiti kumi na moja,
hadi mlango ukasogea upana wa ukucha.
Ndani: giza la ukubwa wa kiberiti.

Sasa nashona magunia.
Anasema yalikuwa na mstari wa buluu.