Nguzo Namba 214

Ramani ya kampuni ina rangi mbili:
kijani ni wateja, kijivu ni miti.
Ottie Ratliff anaishi kwenye kijivu.
Moshi wa jiko lake nauona nikiwa huku juu,
meno ya buti yameng'ata nguzo, mkanda kiunoni,
baridi ya West Virginia ikinihesabu vidole kimoja kimoja.

Mkongo wenyewe si mnene, kama kidole cha mtoto.
Ndani yake kuna nyuzi za kioo,
na mwanga utakaopita humo
hauoteki, hausomei mtu kitabu usiku.
Arlis, aliye chini kwenye gurudumu la mkongo,
huniuliza kila asubuhi:
"Haya Verlin, leo tunamfikishia nani?"

Nguzo ya 211, jaji mstaafu. Televisheni nne.
Ya 212, daktari wa meno wa Charlotte,
hajaja tangu Agosti.
Tumemfungia kisanduku sebuleni,
kinakonyeza taa yake ya kijani
mbele ya makochi yaliyofunikwa shuka.
Ya 213 ni kanisa. Mchungaji alitupa kahawa
akatuombea tusianguke.
Ya 214, basi.

Nyumba tatu kwa maili hazirudishi gharama.
Nilimwambia Ottie hivyo, kwa sauti ile ile
niliyosomewa mimi ofisini.
Akanikatia kipande cha keki ya tufaha,
akapangusa kisu kwa aproni.
"Mashimo ya nguzo hizi alichimba baba yangu," akasema.
"Umeme ulipita juu ya paa letu miaka miwili
kabla haujakumbuka kushuka.
Kupitwa tumekuzoea, kijana.
Ila huu wenu
hata kutupita haututaki."

Keki ilikuwa tamu. Nilimaliza.

Asiye na mwana aeleke jiwe;
asiye na waya aeleke kompyuta
maili kumi na saba, hadi maktaba ya mjini,
ambayo hufungwa saa kumi na moja jioni
lakini mtandao wake huvuja ukutani usiku kucha.
Ndivyo afanyavyo Corrie, mjukuu wa Ottie, darasa la tisa,
ndani ya lori la mjomba wake,
injini imezimwa ili mafuta yatoshe kurudi,
vioo vimejaa ukungu wa pumzi zake mwenyewe.
Juzi alikuwa akituma insha juu ya mashimo meusi ya angani.
Ikafika asilimia tisini na sita, ikakwama hapo.
Akasogeza lori karibu na ukuta.
Ikakwama.
Akashuka na kompyuta kifuani,
akasimama kwenye theluji, ameegemea matofali,
kama anayebisha hodi kwa mgongo.

Usiku huo mwanangu, chumbani kwake,
alikuwa akipiga risasi za bure na mtu wa Korea,
akalalamika kwamba picha zinachelewa.
Nusu sekunde, baba!
Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Waya ule niliuvuta mimi. Hulipa nusu bei.

Leo tunamaliza. Sheria ya kazi inataka
tuache akiba kwenye nguzo ya mwisho,
mita thelathini zilizoviringwa,
kwa ajili ya matengenezo.
Naufunga mviringo. Unaning'inia
kama kitanzi, hapana, kama kamba ya ng'ombe
aliyekwisha kuuzwa.
Kutoka hapa hadi barazani kwa Ottie
nimepima kwa hatua zangu: mia nane na kitu.
Kwenye gurudumu zimebaki mita elfu moja na mia mbili.
Arlis anaziandika daftarini. Zinarudi ghalani.

Nashuka, nakuta Corrie amesimama chini,
mikono ndani ya mikono ya koti.
"Ukiweka sikio, unasikia chochote?"
Namwambia hapana, huo ni mwanga, hauna sauti.
Namwambia tena, taratibu, kama fundi.
Anavua kofia
na kuweka sikio lake kwenye nguzo.

Arlis amewasha lori.
Ananipigia honi mara moja,
kisha haipigi tena.