Upande wa Pili wa Ukuta

Mwalimu Kisimba alitupa kazi ya kurasa tatu:
itazameni filamu, kisha mwandike.
Msinisimulie hadithi, alisema, hadithi naijua.
Niambieni imeshonwaje. Nionyesheni uzi.

Nikaenda Katuba, ukumbi ule wa mabati,
franga elfu moja mlangoni, benchi lisilo na mgongo,
nikahesabu picha kama mtu ahesabuye matofali:
mia mbili na kumi na moja, daftari likajaa.
Kamera iko chini: mwanamume anarefuka.
Kamera iko juu: mkewe anabaki kama kijiko mezani.
Mwanga unatoka kushoto, dirisha la jikoni,
na mume, karani wa reli aliyepotea miaka saba,
anasimama gizani hadi dakika ya arobaini.
Niliandika: "Giza ni dhamiri yake." Nikajipenda.
Niliandika "fremu", niliandika "mdundo",
neno "taswira" nikalipigia mstari mara mbili.

Nje, Mama Mwadi anakaanga vitumbua,
mgongo wake kwenye ukuta uleule
unaobeba kitambaa chetu cha picha.
Miaka sita yuko hapo. Hajaingia hata siku moja;
nani atayaangalia mafuta?
Lakini filamu hii ameisikia wiki nzima,
mara tatu kwa siku, kupitia tundu la waya
juu kidogo ya bega lake.

"Weye unaandika," aliniambia,
akinifungia vya franga mia tano.
"Basi niambie. Yule mwanamke anacheka,
halafu mlango. Sivyo?
Mbona kicheko kinakatika kabla mlango haujafungwa?
Nani amemziba mdomo?"

Nikapekua daftari. Picha ya mia na nne: mlango.
Picha ya mia na tano: sufuria.
Kicheko sikukiandika popote.

Nikalipa tena. Nikaketi nimefumba macho,
jirani akadhani nimelewa.
Ni kweli. Kinakatwa kama uzi kwa meno,
kisha pumzi moja tupu, hata nyenje hakuna,
ndipo komeo linaanguka.
Ndani ya pumzi ile yumo mtu wa tatu.
Filamu haikumwonyesha. Ilimwacha asikike kwa kutosikika.

Nilitoka mbio kumweleza. Akacheka, kisha akauliza
mbona yule mzee wa kikohozi alikufa na bado anakohoa.
"Si yeye. Wa kwanza ni baba, wa pili ni mwana.
Kikohozi kimoja, wameketi kiti kilekile."
Akanyamaza hadi kitumbua kikaungua.
"Kumbe! Na mimi nimemlilia mmoja wiki nzima.
Kiti chenyewe kina rangi gani?"

Kijani. Kimebanduka mkono wa kulia.
Nilikuwa nacho, picha ya thelathini na mbili,
na hapo hesabu yangu ikapata kazi.

Alhamisi mvua ilipiga mabati.
Ndani tulitazama midomo ikifunguka na kufumba,
nje alisikia mvua tu, akafunika karai.
Siku hiyo filamu haikuwa na mtu.

Sasa ni usiku, umeme umekatika,
naandika kwa mshumaa uliokwama kwenye kopo la sardini.
"Dhamiri" nimeifuta. Giza nimeliacha giza.
Chini, mahali pa marejeo, nimeweka:
Mwadi, muuza vitumbua, Katuba, ukuta wa nyuma.
Mwalimu atalizungushia wino mwekundu. Na azungushe.

Kurasa zimefika mbili na nusu. Vitumbua vimeisha.
Pale kwenye neno "mlango" pana doa la mafuta;
nikiinua karatasi mbele ya mshumaa
naona maandishi ya upande wa pili, kinyumenyume,
na sijui bado kama niandike upya.