Bomba Linafungukia Kushoto

Mama aliandika jina langu bila kuniuliza,
kwenye daftari la Mama Ntakwinja, ukurasa wa nyuma,
pale majina yanapopangwa mawili mawili kama viatu:
Mwamini na Nsimire.

Nsimire, kwa Kimashi, ni nimefurahi.
Sikufurahi.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na Jumamosi yangu ilikuwa na mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi tunateremka Kadutu,
sufuria kichwani, uji wa masoso umefungwa kwa kitenge.
Mvua ya usiku imeacha udongo mwekundu
unaovuta viatu kama mtu mwenye deni lako.
Mbele yangu, mgongo wa mama.
Hautelezi hata mara moja.
Niliuchukia mgongo ule.

Akina mama kumi na mmoja, mabinti tisa.
(Wawili binti zao wanasoma Uvira,
wamekuja na mikono yao tu.)
Sare ni kitenge cha kijani chenye ndege.
Changu kilishonwa kwa mabaki ya cha mama,
kwa hiyo ndege wangu wote
hawana vichwa.

Chumba cha mwisho cha materniti
wanakiita chumba cha wadeni.
Wamejifungua, wamepona,
wangeshafika kwao Walungu, Kabare,
ila kuna karatasi,
na kwenye karatasi kuna namba,
na mlangoni kuna mlinzi mwenye redio.
Mtoto wa siku ishirini hajaona jua.
Ni rehani. Hajui.
Ananyonya.

Shuleni tulikuwa tumefika kwenye riba.
Hii hawakutufundisha.

Mimi nilipewa nepi.
Nilizishika kwa vidole viwili,
uso nimeugeuzia ukutani,
mpaka Asifiwe, binti wa Mama Ntakwinja,
akaniambia bila kuinua kichwa:
Shika yote. Kinyesi cha mtoto hakina ukoo.

Halafu maji yakakatika.
Sista akasema, basi, mpaka kesho.
Mama akachukua bidoni mbili.
Kuna bomba nyuma ya jiko, akasema,
linafungukia kushoto.
Hakuuliza njia.
Alikwenda kama unavyokwenda chooni kwenu usiku, bila taa.
Tukasikia bomba likikohoa,
maji ya kahawia, kisha maji.

Aliporudi alimwomba mwanamke wa kitanda cha tatu
asogee upande wa mlango.
Hapa panavuja, alisema.
Nje kulikuwa kukavu.
Saa sita mvua ikaja,
ikavuja
pale pale.

Nilisimama na nepi mkononi, nikipiga hesabu.
Nilizaliwa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa mvua.
Nyumbani hakuna picha yangu kabla ya Noeli.

Mama, wewe uliwahi kulala humu?

Alikamua kitambaa mpaka kikalia.
Suuza tena, akasema. Bado kina sabuni.

Siku ngapi?

Suuza, Nsimire.

Mchana Mama Ntakwinja alihesabu kwenye kitambaa,
faranga zilizokunjwa mpaka zikawa laini kama majani ya chai,
dola moja iliyochanika wakaikataa, wakaikubali.
Zilitosha mtu mmoja.
Hazikutosha wawili, ingawa alihesabu mara tatu.

Aliyetoka alikuwa wa kitanda cha tatu.
Hatukupiga vigelegele, maana wengine walikuwa wanatazama.
Alivuka mlango, mlinzi akapunguza redio,
jua likamgonga mtoto usoni
naye akapiga chafya.
Ndiyo hayo tu.
Lakini nilimwona mama, ameshika nguzo ya baraza,
midomo inakwenda,
anahesabu kitu ambacho si pesa.

Jioni tukapanda, sufuria tupu ikigonga kikombe ndani yake.
Sikuuliza tena.
Niliteleza mara mbili.
Mara ya pili alinyoosha mkono nyuma
bila kugeuka,
ukanikuta pale pale nilipokuwa.